MJADALA: Usugu wa dawa ziwani, tuanze na plastiki au na vyoo?

Wakuu, juzi nilisimama pale mto Mirongo unapomwaga ziwani, Mwanza. Chupa, vipande vya timba (nyavu za uzi wa plastiki), na katikati yake pakiti ya vidonge vya rangi mbili, zile antibiotiki za kuua bakteria, viwili havijatobolewa.

Chembe ya plastiki ikikaa majini, bakteria huing'ang'ania na kuifunika utando. Humo ndani wamebanana, na wakibanana hupeana kirahisi vinasaba vya usugu, yaani vinavyowafanya wasiuawe na dawa. Hilo sibishi. Hata sangara na sato wa soko la Mwanza walipopimwa, 1 kati ya 5 wa kila aina alithibitika kuwa na plastiki tumboni.

Ninachobisha ni kuifanya plastiki mshitakiwa namba moja. Utando huohuo huota kwenye jiwe na kwenye gogo. Usugu wenyewe unatoka kwetu: ukimeza amoksilini, mojawapo ya antibiotiki hizo, sehemu kubwa inatoka na mkojo ikiwa bado na nguvu. Halafu mvua ikinyesha tu, watu wanatapisha vyoo, kinyesi kinafunguliwa kiende na maji ya mvua. Mifuko tumepiga marufuku tangu Juni 2019, sawa, lakini vyoo je? Fedha ziende kwenye maji taka kwanza.

Mvuvi wa Igombe: Mkuu, jiwe halielei. Choo kikitapishwa mjini, bila plastiki uchafu mwingi unatulia hukohuko. Plastiki inaubeba mpaka huku tunakochota maji ya kunywa. Na timba tusisingizie watu wa mjini, ni sisi wenyewe. Imekatazwa na bado tunaitega.

Muuza dawa: Mnaruka dukani kwangu. Mtu anakuja na mia tano, anataka rangi mbili nne tu, cheti cha daktari hana. Nikimnyima anavuka barabara, anapewa. Kesho mafua yamepoa, mbili zilizobaki anatupa mtaroni. Hiyo pakiti uliyoiona ndiyo hiyo.

Mleta mada: Jiwe halielei, hapo umenishika. Ila hicho kinachobebwa kingepungua kikizuiwa chooni. Muuza dawa, usipouza bila cheti wewe na wa ng'ambo ya barabara, nusu ya mada yangu inakufa.

Mvuvi wa Igombe: Nyumba za mlimani zimekaa juu ya majabali. Bomba la maji taka mtachimbia wapi?

Mleta mada: Hawachimbi. Kuna mitaa huko juu wamepitisha mabomba membamba juu ya mawe, nimeyaona. Gharama yake ndiyo nataka tuijadili.