Ramani inaonyesha lori liliposimama, lakini mafuta bado yanapungua

Mwenye Kituo, Ahero

Hamjambo wanajukwaa. Nina malori mawili ya mafuta yanayopakia katika bohari ya Kisumu na kupeleka petroli na dizeli Kericho, Litein na Sotik. Nimeyafunga vifaa vya kuyafuatilia kwa setilaiti, na ramani hunionyesha kila yalipopita na dakika yalizosimama. Hata hivyo, wateja wangu wa Kericho wakitumbukiza kijiti cha kupimia wanakuta upungufu. Juzi nilimwonyesha dereva kwamba alisimama Awasi kwa dakika 40. Akanijibu kuwa alikuwa akikagua tairi, nami sikuwa na la kuongeza. Je, ninunue kifaa cha bei ya juu zaidi, au kuna jambo ambalo ramani haiwezi kuniambia? Sitaki kumfukuza mtu kazi kwa shuku tu.

Fundi wa Vifaa, Nakuru

Ndugu, hakuna setilaiti inayolitazama lori lako. Kipokezi kilichomo ndani ya lori ndicho kinachosikiliza mawimbi ya setilaiti zisizopungua nne, zilizo kwenye kimo cha takriban kilomita 20,200, kisha kinakokotoa mahali kilipo na kukutumia kupitia laini ya simu. Kinajua mahali, saa na mwendo. Habari za mafuta hazimo, na ukinunua cha bei maradufu bado hazitakuwamo.

Unachohitaji ni vihisi kwenye vifuniko vya juu ya tangi na kwenye vali za kushushia, viunganishwe na kifaa hicho hicho ulicho nacho, ili kila kufunguliwa kuandikwe pamoja na mahali na saa. Hapo dakika 40 za Awasi, vifuniko vikiwa vimefungwa, zitakuwa za tairi kweli. Dakika sita vali ikiwa wazi ni jambo jingine kabisa. Hakikisha vihisi vimeidhinishwa kutumika penye mvuke wa petroli, kwa maana cheche moja inatosha, na usimruhusu fundi aliyezoea matatu kuunganisha nyaya juu ya tangi.

Chunguza pia mapengo kwenye kumbukumbu. Mawimbi ya setilaiti hufika ardhini yakiwa hafifu sana, na kuna vifaa vidogo vya kuyavuruga vinavyochomekwa kwenye soketi ya kiberiti cha gari. Mtandao wa simu ukipotea, kifaa kizuri huhifadhi kumbukumbu na kuzituma baadaye. Pengo lisilojazwa kamwe ilhali injini ilikuwa ikinguruma ndilo la kuulizia.

Dereva wa Tanka, Eldoret

Naomba kusema kwa niaba yetu tulio kwenye usukani. Kabla ya kufika kwenye vali, pima joto. Petroli hupungua ujazo kwa takriban asilimia 0.1 kwa kila nyuzi moja ya selisiasi inayoshuka. Lori likipakia lita 20,000 Kisumu alasiri ya jua kali, likalala njiani na kushusha Kericho asubuhi, mafuta yakiwa yamepoa kwa nyuzi 5, kijiti kitaonyesha upungufu wa lita 100 hivi bila mtu yeyote kugusa kifuniko. Kuna madereva waliokatwa mishahara kwa lita za namna hiyo, na jambo hilo linaniuma. Joto liandikwe wakati wa kupakia na wa kushusha, lori lisimame mahali tambarare, mafuta yatulie, ndipo kijiti kitumbukizwe mbele ya dereva.

Sisemi kwamba wizi haupo. Upo, na hatari yake inapita hasara, kwa sababu mafuta hufyonzwa kando ya barabara, karibu na majiko ya kuchomea mahindi. Sisi tunaopita Sachangwan hatujausahau moto wa tarehe 31 Januari 2009, uliowaua zaidi ya watu 100 petroli ilipokuwa ikichotwa kwenye tanka lililopinduka. Kwa hiyo vihisi vya vali naviunga mkono, mradi madereva waambiwe kabla havijafungwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayekusanya habari za mtu amjulishe mhusika.

Mwenye Kituo, Ahero

Nawashukuru nyote. Fundi, tangi langu lina vyumba vinne. Je, kihisi kimoja kitatosha?

Fundi wa Vifaa, Nakuru

Hapana. Weka kimoja kwa kila kifuniko na kimoja kwa kila vali, la sivyo utaambiwa kwamba tangi limefunguliwa bila kujua ni chumba cha petroli au cha dizeli. Anza na lori moja, na yote mawili yaandikiwe joto kama alivyoeleza dereva, ndipo ulinganishe upungufu wao kwenye njia ile ile ya Kericho.