Mrejesho: redio ya mkononi kwa boti yetu, Mikindani
Ndugu zangu, niliwauliza ni redio gani ya mkononi isiyoingia maji ingefaa boti yetu ya uvuvi huku Mikindani, na si uungwana kunyamaza baada ya kusaidiwa. Nimechukua ya VHF (masafa ya redio yanayotumiwa na vyombo vya baharini), wati 5, yenye daraja la IPX7, yaani huhimili kuzama mita 1 kwa dakika 30, tena huelea. Kabla ya kulipa niliitumbukiza kwenye ndoo. Muuzaji alinuna, lakini ilipoibuka ilikuwa bado inakoroma kwenye chaneli 16, ile ya wito na dharura baharini. Umbali ndio ulionishangaza: nikiwa nimeketi sauti hukatika mapema, kwa kuwa mawimbi yake husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, ila nikisimama na kuiinua nasikika vizuri zaidi. Simu bado naibeba, ndani ya mfuko wa nailoni.