Tupeane uzoefu: wewe na mwenzio mliwahi kutoka siku moja kwenda makumbusho?

Mama Mapasa, Bukavu

Jambo wapendwa. Juzi dada mmoja wa kanisani kwetu aliniuliza, mimi na bwana yangu tukitaka kutoka wawili tu tunaenda wapi. Nikamjibu Lwiro. Akashangaa, kwake Lwiro ni pa watafiti na sokwe. Basi nimeona nifungue mada hii, kila mmoja aseme ya kwake. Naanza mimi.

Ilikuwa 2018, mwezi wa saba, kiangazi. Mapasa wetu, yaani mapacha, tuliwaacha Kadutu hapa mjini kwa mama mkwe, nikapanda nyuma ya pikipiki ya Papa Mapasa na kikapu changu: termosi ya chai, mikate, na avoka tulizonunua Mudaka. Tukapita Miti, tukapita Kavumu, vumbi limetujaa mpaka kwenye kope, kisha tukakata kushoto kupanda kuelekea mlimani.

Asiyefika Lwiro hawezi kuamini. Katikati ya mashamba ya mihogo na migomba unakutana na jumba kubwa la mawe, veranda ndefu, bustani katikati yake. Wabelgiji walianzisha taasisi yao ya utafiti mwaka 1947, wakajenga huko kama watu wasiotarajia kuondoka kamwe. Leo ni kituo cha Wakongomani cha utafiti wa sayansi asilia, CRSN, na ndani kuna maktaba na makumbusho.

Makumbusho yenyewe yana harufu ya dawa ya nondo. Wanyama waliokaushwa wanakutazama kwa macho ya kioo, mafuvu yamepangwa kwenye rafu, nyoka wamejikunja ndani ya chupa, na vipepeo wamechomwa pini, rangi zao zimeanza kupauka. Vibandiko vingine vilipigwa kwa mashine ya zamani ya kuandikia, herufi zimefifia hadi unainama kusoma. Mimi nilipenda vipepeo. Papa Mapasa alisimama kwenye samaki.

Mzee aliyetuongoza alimwonyesha chupa moja. Ndani yake samaki wadogo wembamba, weupe kwa kukaa kwenye dawa. Akasema, "Huyu ni sambaza. Ni mgeni. Alitolewa ziwa Tanganyika, akatiwa ziwa Kivu mwaka 1959."

Bwana yangu ni mtoto wa Idjwi, kisiwa cha ziwa Kivu, ukoo wa wavuvi. Alinyamaza, nikafikiri amekasirika, maana kwetu sambaza ni kama udongo, hakuna anayeuliza ulitoka wapi. Kumbe alikuwa anapiga hesabu. Akaniambia pale pale mbele ya chupa: "Basi babu yangu alipokuwa kijana hakumjua huyu samaki. Baba ndiye wa kwanza kwetu kumvua kwa taa."

Nilijua baba mkwe alifia ziwani. Miaka yote ya ndoa sikuwahi kusikia zaidi ya hapo, na mimi sikuuliza. Siku hiyo alinisimulia. Mitumbwi mitatu hufungwa pamoja kwa miti mirefu, wavu hushushwa katikati, taa huwashwa ili sambaza wapande, na wavuvi huimba wakipiga kasia. Yeye akiwa mtoto alikuwa akikaa kwenye jiwe nje ya nyumba kabla ya kulala, akihesabu taa za kijiji chao majini. Zilikuwa nane. Usiku mmoja akahesabu saba. Akarudia. Saba.

Yule mzee alitoka polepole akatuacha.

Kurudi tulipasuka tairi kabla ya Miti, tukaingia Kadutu usiku. Mama mkwe alikuwa ametutunzia chakula, na mboga, niamini, ilikuwa sambaza. Bwana yangu akamwambia habari ya 1959. Mama mkwe akasema, "Mgeni au si mgeni, ndiye aliyekulipia shule."

Haya, yenu.

Fundi wa Kamalondo, Lubumbashi

Aksanti Mama Mapasa. Nimesoma mara mbili.

Mimi nachomelea vyuma. Makumbusho ya hapa mjini, yale aliyoyaanzisha Francis Cabu mwaka 1946, nilikuwa nikiyapita miaka yote bila kuingia. Bibi yangu, yaani mke wangu, ndiye aliyenivuta, Jumamosi moja tukitoka kwenye harusi, bado tumevaa nguo za harusi.

Kilichonishika ni misalaba ya shaba. Huku wengi tunaijua: ilikuwa kwenye bendera ya Katanga ilipojitenga 1960, mitatu, na kwenye sarafu za 1961. Lakini kuiona alama ni kitu kimoja, kuuona mkono wa fundi ni kingine. Niliinama mpaka paji la uso likagusa kioo. Upande mmoja ulikuwa laini, ule uliolala kwenye kalibu. Upande wa juu ulikuwa umekunjamana, kwa sababu kalibu ilikuwa wazi na shaba ikapoa kwa hewa. Kwenye ncha moja shaba ilifurika kidogo, fundi hakuisugua. Mimi ningeisugua. Huenda alikuwa na kazi nyingi siku hiyo.

Bibi yangu ni wa upande wa Bukama. Yeye alikwenda moja kwa moja kwenye vyungu vya Sanga, huko kwao kando ya ziwa Kisale, vilivyotoka kwenye makaburi yaliyochimbwa 1957 na 1958. Kwenye makaburi ya zamani zaidi msalaba ni mkubwa na umewekwa kifuani. Baadaye misalaba inakuwa midogo, mingi, karibu na mikono na kiuno, maana ilikuwa imekwisha kuwa feza. Bibi yangu akauliza kwa sauti ndogo, "Hawa ni wazee wetu, sasa ni nani aliyeomba ruhusa?" Sikuwa na jibu na bado sina. Alisimama pale muda, mikono ameikunja mbele kama mtu aliye msibani, nami nikavua kofia.

Tangu siku hiyo yeye ndiye anayesimulia watoto mambo ya Kisale. Zamani alikuwa akisema hajui kitu.

Furaha, Goma

Sisi hatukuingia jengo lolote. Bwana yangu alinipeleka mahali nyumba yao ilipokuwa kabla ya lava ya tarehe 17 Januari 2002. Wamejenga juu, mawe meusi yamekuwa ukuta na msingi. Alinionyesha kwa mguu: hapa jiko, hapa chumba cha dada. Ilichukua nusu saa.

Mama Mapasa, na sokwe mliwaona?

Mama Mapasa, Bukavu

Tuliwaona, Furaha. Kituo chao kiko hapo hapo Lwiro tangu 2002, wengi wao ni yatima waliookolewa kwa wawindaji na wachuuzi. Ukienda, tafadhali, kama una mafua ahirisha safari. Ugonjwa wetu wa kifua wanaushika upesi na unaweza kuwaua. Na msiwatupie ndizi, hata wakinyoosha mkono. Mmoja alininyooshea mimi, kiganja juu, kama mtoto anayeomba. Niliugua moyoni, lakini sikutupa.

Fundi, hilo swali la bibi yako nitamsomea Papa Mapasa jioni.

Papa Mapasa, Bukavu

Ni mimi mwenyewe, natumia simu ya mama. Amenisomea yote, nami namsalimu Fundi na bibi yake. Nimsahihishe kidogo tu: taa zilikuwa tisa. Ya tisa ilikuwa ya baba mdogo, ilikaa mbali upande wa kushoto, kwa hiyo watu huisahau. Usiku ule nilihesabu nane.