Bima ya dhima kwa umma kwa kikundi kidogo cha maigizo ya kihistoria, Uingereza

Mpagazi1917:
Wanajamvi, salaam. Sisi ni kikundi cha watu 11 tunaoishi Leicester, wengi wetu tukiwa na asili ya Kenya na Tanzania, na kwa miaka miwili tumekuwa tukikutana kushona sare na kujifunza habari za askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, na wapagazi wa Carrier Corps, kikosi cha wabeba mizigo, ambao jina lao lingalipo katika mitaa ya Kariakoo, waliotumika katika vita vya Afrika Mashariki vya 1914 hadi 1918. Kiangazi kijacho tumealikwa kuweka kambi ya siku mbili katika bustani ya halmashauri, na mwandaaji anadai cheti cha bima ya dhima kwa umma, yaani ile inayolipa fidia mtu mwingine akiumia au mali yake ikiharibika kwa sababu yetu, chenye kima cha pauni milioni 5, ilhali hatujawahi kukata bima yoyote. Tutapiga mahema, tutapika kwa kuni, na tutawaruhusu watoto wajaribu kuinua mzigo wa mpagazi wenye uzito wa kilo 25. Bunduki zetu mbili zimelemazwa zisiweze kufyatua tena, nasi hatutatumia baruti. Mwenzetu mmoja anataka pia kununua upanga uliopinda. Je, bima hii ni sharti la sheria, na kikundi kisichosajiliwa kinaipataje?

BibiKambini:
Kaka, nimefurahi kusikia kwamba kuna watu wanaowakumbuka wapagazi, maana katika mashamba ya maonyesho ya huku nimewaona askari wa kila zama isipokuwa wao. Sheria haikulazimishi kuwa na bima ya dhima kwa umma kwa shughuli kama hiyo. Wanaoidai ni waandaaji na wenye ardhi, na pauni milioni 5 ndicho kima kinachotajwa mara nyingi, ingawa wengine hutaka milioni 10. Hata hivyo usiione kama karatasi ya getini tu. Kikundi kisichosajiliwa hakina nafsi yake kisheria, kwa hiyo mgeni akiumia kwa uzembe wenu, dai la fidia linaweza kuwaangukia wanakamati wenyewe, pamoja na akiba na nyumba zao.

Njia nyepesi ni kujiunga na chama kikubwa ambacho tayari kina bima ya wanachama wake, lakini ulizeni kwanza kama bima hiyo inawafuata hata katika maonyesho ambayo chama hicho hakikuyaandaa. Njia ya pili ni kukata bima yenu kupitia dalali wa bima anayeijua kazi hii. National Association of Re-enactment Societies, ambayo ni mwavuli wa vikundi vya aina yetu, ni mahali pazuri pa kuanzia kuulizia.

MzeeWaMikataba:
Nilifanya kazi ya bima kwa muda mrefu kabla ya kustaafu, na ningeomba usishughulike sana na kile kima cha milioni 5, kwa sababu hicho ndicho kipengele kilicho rahisi kuliko vyote. Soma mambo yasiyofidiwa. Mikataba mingi hailipi dai la mwanachama dhidi ya mwanachama mwenzake mpaka kifungu cha kulifidia kiongezwe, ilhali katika kikundi cha watu 11 wanaochanja kuni na kubeba masanduku pamoja, atakayeumia huenda akawa mmoja wenu. Hakikisha vilevile kwamba wanaokingwa ni kikundi pamoja na wanachama wake wote, si mwenyekiti peke yake.

Kisha eleza kila kitu. Sheria ya bima ya mwaka 2015 inamtaka mwombaji asiyekata bima kwa mambo yake binafsi aeleze kwa ukweli hali zote muhimu za hatari anayoikatia bima, na ukificha jambo, kampuni inaweza kupunguza fidia au kukataa kulipa. Ukiandika “maonyesho ya mavazi ya kale” halafu mtoto akateguka shingo kwa mzigo wa kilo 25, utakuwa hukusema lile lililokuwa muhimu. Moto, mahema, mzigo, bunduki zilizolemazwa: vyote viandikwe, pamoja na tathmini ya hatari. Kwa mzigo wenyewe nakushauri uwe na sanduku jingine la kilo 5 kwa ajili ya watoto, na lile zito liwe la kutazamwa. Tena, kamba za mahema zifungwe vitambaa vyeupe. Niliwahi kushughulikia dai la mama aliyejikwaa kwenye kamba ya rangi ya majani wakati wa jioni akavunjika kifundo cha mkono, na hapakuwa na vita vyovyote uwanjani siku hiyo.

Hati zenu msizitupe mwaka ukiisha. Dai la majeraha kwa kawaida linaweza kufunguliwa ndani ya miaka 3, na dai la namna hii kwa kawaida hulipwa na mkataba wa bima uliokuwa hai siku ya ajali.

BibiKambini:
Naongeza kuhusu upanga. Tangu 2008 ni kosa hapa kuuza au kuingiza nchini upanga uliopinda wenye makali ya sentimita 50 au zaidi, isipokuwa kwa utetezi maalumu, na utetezi wa maigizo ya kihistoria umefungamanishwa na kuwapo kwa bima ya dhima kwa watu wengine. Asinunue kabla hamjapata bima. Lakini kwa maoni yangu aache kabisa: mpagazi wa mwaka 1917 alibeba mzigo, hakubeba upanga.

Mpagazi1917:
Shikamoo, Mzee, na asante sana, Bibi. Upanga tumeuacha, na mwenzetu ameridhika. Nimeandika orodha ya shughuli zetu zote, sanduku la kilo 5 likiwemo, na kesho naipeleka kwa madalali wawili nikiomba kifungu cha wanachama kwa wanachama kiwemo tangu mwanzo.