Naomba ushauri: shahada ya kilimo, kazi ya forodha

Ndugu wanachama, nawasalimu kwa heshima. Nilihitimu shahada ya kilimo mwaka 2019, lakini kwa miaka minne sasa ninafanya kazi Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, kwa wakala wa forodha, nikiandaa hati za mizigo ya malori yanayotoka bandari ya Mombasa. Kazi hii nilijifunzia mezani, kwa kukosea na kusahihishwa, na sikatai kwamba ndiyo inayolipa ada ya mdogo wangu. Nimeomba nafasi ya afisa kilimo mara tatu kupitia tume za utumishi za wilaya za Tororo na Busia, upande wa Uganda. Niliitwa kwenye usaili mara moja tu, nikaulizwa kuhusu ugonjwa wa batobato ya mihogo, jambo ambalo, kwa aibu yangu, nilikuwa nimelisahau. Sasa mwajiri yuko tayari kunilipia nusu ya karo ya kozi ya cheti cha uwakala wa forodha, kwa sharti kwamba nisiondoke kwa miaka miwili.

Je, nikikubali, nitakuwa nimejifungia mlango wa kilimo? Na kama kuna aliyeunganisha fani hizi mbili, labda katika ukaguzi wa mazao mpakani, alianzia wapi?