Naomba ushauri: vyumba vya wageni Jambiani, nivikodishe kwa usiku au kwa mwezi?
Asalaam alaykum ndugu zangu. Nina vyumba vinne vya wageni hapa Jambiani, Zanzibar. Mwaka 2020, korona ilipopunguza safari za kimataifa duniani kwa zaidi ya asilimia 70, nilikaa miezi bila mgeni hata mmoja. Sasa wamerudi, lakini tabia zimebadilika. Wanajitafutia vyumba wenyewe kwenye simu, na wengine wanakaa hata miezi miwili wakifanya kazi zao kwa intaneti. Cha kwanza wanachouliza ni kasi ya mtandao na jiko, bahari baadaye.

Masika ndiyo yanayonitisha. Aprili na Mei pwani hunyamaza. Je, vyumba viwili nivipangishe kwa mwezi, au nitapoteza pesa za Julai na Agosti? Aliyejaribu, Paje au Nungwi, tafadhali anieleze bei alizipangaje.