Mjadala: Je, matumbawe machanga yapandwe kando ya makubwa ya aina yake?

Mchangiaji aliyenitangulia anashikilia kwamba fedha za kurejesha miamba zitumike kupanda matumbawe machanga ubavuni mwa makubwa ya aina ileile, kwa hoja kwamba palipomlea mzazi patamlea na mtoto. Naiheshimu nia yake, lakini hoja yenyewe siikubali, kwa sababu pale mzazi alipokaa miaka mingi ndipo pia walipojikusanya maadui wa ukoo wake.

Wanaikolojia Daniel Janzen mwaka 1970 na Joseph Connell mwaka 1971 walieleza hivyo kuhusu misitu: miche iliyo chini ya mti mama huandamwa zaidi na maradhi na wadudu waliozoea aina hiyo. Huko Curaçao, kisiwa cha Karibi, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kuhusu tumbawe liitwalo Orbicella faveolata ulionyesha kwamba machanga yaliyo karibu na makubwa ya aina yake hufa zaidi, na majaribio ya antibiotiki yakabainisha kuwa vijidudu vina mkono katika vifo hivyo. Tukumbuke tunazungumzia kiumbe gani: tumbawe lililotoka kushika mwamba lina upana wa milimita moja hivi, sawa na kichwa cha pini, na halina pa kukimbilia usiku jirani yake mkubwa anaponyoosha minyiri yenye seli zinazochoma.

Hata hivyo, sisemi tupande palipokufa. Majaribio ya Fiji yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba viluwiluwi vya matumbawe (watoto wanaoelea majini kabla ya kushika mwamba) na samaki wachanga huvutwa na maji yenye harufu ya mwamba wenye afya, na huyaepuka yale yatokayo kwenye mwamba uliotawaliwa na mwani. Kwa samaki haja ya mwamba ulio hai ni kubwa zaidi, kwani kwa wastani zaidi ya nusu ya wanaowasili mwambani huliwa ndani ya siku moja au mbili za mwanzo, na matawi ya tumbawe hai ndiyo maficho yao, ingawa (na hili linaniumiza kila nikilifikiria) wawindaji nao huotea humohumo.

Linalotuchanganya, kwa maoni yangu, ni ushahidi wa vipande. Kipande chenye urefu wa kidole kilichokatwa kutoka tumbawe kubwa kinaweza kushamiri kando ya mzazi wake, hata kikaungana naye, lakini hicho ni mwili uliokwisha kukomaa; mafanikio yake hayatuambii lolote kuhusu mchanga wa milimita moja aliyezaliwa kwa yai na mbegu. Kwa hiyo napendekeza machanga yatokanayo na viluwiluwi yapandwe ndani ya mwamba ulio hai, miongoni mwa matumbawe ya aina nyingine, mbali na makubwa ya aina yake. Anayetetea kupanda ubavuni mwa mzazi atuonyeshe hesabu za machanga ya namna hiyo, si za vipande.